Gari inalia ta-ta-ta ukiwasha? Usikimbilie stata

Kaka, usinunue stata (mota inayozungusha injini iwake) kwanza. Umesema ukizungusha ufunguo inalia ta-ta-ta-ta ya harakaharaka na taa za dashibodi zinafifia. Hiyo ni njaa ya umeme. Stata ikifa, mara nyingi unasikia "tak!" moja nzito, na taa zinabaki kuwaka vilevile.

Fungua boneti, shika terminali za betri ujaribu kuzizungusha kwa mkono. Ikicheza hata kidogo, umempata mchawi. Ukiona unga mweupe au wa kijani, zifungue (hasi kwanza, chanya baadaye), mwagia maji ya moto, sugua kwa brashi ya waya mpaka zing'ae, kisha kaza. Vitz yangu ilinitesa wiki nzima, kumbe ni terminali ya hasi imelegea, na fundi alishanipigia bei ya stata ya mtumba!

Bado? Pima betri asubuhi kabla hujawasha: volti 12.6 imejaa, chini ya 12 iko hoi. Ibusti kwa gari jingine, yaani azima umeme wa betri yake kwa nyaya. Ikiwaka, pima tena injini ikinguruma, inatakiwa 13.8 hadi 14.5 hivi. Ikigoma kwenye 12, altaneta (dinamo inayochaji betri injini ikiwaka) haichaji, hata betri mpya itakufa. Ukibusti na bado ni "tak" moja, hapo ndo fundi ashushe stata aangalie kaboni (zinazopitisha umeme ndani yake) na solenoidi (swichi yake ya umeme).

Na kama ni otomatiki, usiite vijana wasukume. Mtachoka bure.