Siku Zangu Zote Zinafanana

Mwanangu, umeniandikia kwamba unaishi Mikindani na mwanao, unafanya kazi ya ukarani katika ghala la korosho mjini Mtwara, mumeo yuko Dar es Salaam kikazi, afya mnayo na chakula hakikosekani, ila furaha imekutoka bila sababu unayoweza kuitaja. Kila siku, unasema, ni daladala, mizani, vitabu vya ghala, daladala tena, jiko na usingizi. Hata simu ya mumeo ya jioni imebaki kuwa ya ada na mchele. Unauliza kama huku ni kukosa shukrani.

Si kukosa shukrani, na nakuomba uache kujilaumu. Iwapo usingizi utakukimbia kwa majuma, chakula kisipite, au uanze kuona kwamba maisha hayana maana, nenda hospitali ukazungumze na daktari bila kuona haya. Lakini katika barua yako yote ndefu sikuona mahali hata pamoja ulipotaja kitu ulichokitazama. Umetaja saa ulizofika, fedha ulizotumia na kazi ulizomaliza, na kwa maoni yangu hapo ndipo shida ilipo, kwa sababu siku ambayo hukuiangalia haiwezi kukuachia chochote cha kuifurahia.

Anza na ghuba. Unaiacha kila asubuhi na kuirudia kila jioni, nawe, kwa maneno yako mwenyewe, umeinamia simu mpaka ushuke. Kwa mwezi mmoja weka simu mkobani, uangalie maji yamefika wapi saa ileile unayopita. Bahari hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku huchelewa kwa takriban dakika 50 kwa kufuata mwendo wa mwezi, kwa hiyo maji uliyoyaona jana hutayakuta palepale leo. Karibu na siku za mwezi kuandama, na tena ukiwa mpevu, utakuta bamvua, ambapo maji hujaa sana na kupwa sana, mpaka miamba ibaki wazi na kina mama washuke kutafuta pweza. Mwezi ukiwa nusu utakuta maji mafu, ambayo hayaendi mbali wala hayaji juu sana. Usiniamini kwa maneno tu. Andika unachokiona, halafu jaribu kubashiri kesho maji yatakuwa wapi. Ukikosea, muulize mmoja wa wale kina mama, maana wanaijua hesabu hiyo bila kalamu, na utaona jinsi mtu anavyochangamka anapoulizwa jambo analolijua vizuri.

Huko ghalani pia kuna mengi. Mkulima akileta magunia yake, muulize habari za majimoto, wale sisimizi wanaoshona majani ya mkorosho kuwa viota kwa nyuzi zinazotoka kwa mabuu yao. Wanauma vibaya, na wapo wanaowachukia, lakini huwawinda wadudu wanaofyonza chipukizi na korosho changa. Umepima korosho misimu mingi, mwanangu, na sidhani umewahi kuulizia mlinzi wake.

Usidhani kwamba haya ni madogo mno kwa mtu mzima. Katika kilima cha Tendaguru, mkoani Lindi, mifupa ya dinosaria ilikuwa imejitokeza juu ya ardhi, watu wakipita. Kati ya mwaka 1909 na 1913 wenyeji wa huko waliichimba kwa ajili ya msafara wa Wajerumani na kuibeba hadi bandarini Lindi, na leo mnyama mmoja aliyeungwa kutokana nayo amesimama Berlin, ana urefu wa zaidi ya mita 13 kwenda juu. Simaanishi kwamba utafute mifupa. Namaanisha kwamba nchi unayoishi haijamaliza kuonwa.

Udadisi hautamrudisha mumeo nyumbani, na upweke wako ni wa kweli. Muda wa kuishi mbalimbali ni jambo la kuzungumza naye waziwazi, tena mapema. Ila akipiga simu leo, kabla ya ada na mchele, mweleze maji yalikuwa wapi ulipopita, kisha umuulize yeye ameona nini huko, na usikubali akujibu kwamba hakuna kitu.