Maswali ya Wasomaji: Kuwafundisha wanaojitolea kuitambua mimea vamizi mapema

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mratibu wa kikundi cha watu wanaojitolea katika eneo la hifadhi. Mwaka jana tuliwakusanya watu 30 ukumbini kwa siku moja, tukawaonyesha picha za mimea vamizi 40 na kuwagawia kijitabu. Miezi sita baadaye tulikuwa tumepokea taarifa chache mno, na nyingi kati ya hizo zilihusu mimea ya asili isiyo na madhara yoyote. Tulikosea wapi?
Mratibu

JIBU: Ndugu Mratibu, mimea 40 kwa siku moja ni mzigo ambao hata mtaalamu wa mimea angeubwaga njiani. Orodha ya kufundishia iwe ya mimea mitano hadi minane, na ichaguliwe kwa kigezo kimoja: mmea ambao bado haujaingia katika hifadhi yenu lakini umekwisha kufika kwa majirani, au ulioingia na ungali katika vijisehemu vichache. Mmea uliokwisha kutapakaa hauhitaji tena macho ya kuutafuta, unahitaji mapanga na bajeti.

Sababu ya kusisitiza uchache huo ni kwamba muda wa kuung'oa mmea vamizi ukaisha kabisa ni mfupi. Tathmini ya kampeni za kuangamiza magugu huko California, iliyochapishwa mwaka 2002, ilionyesha kwamba maeneo yaliyovamiwa yasiyozidi hekta 1 kwa kawaida yalisafishwa kabisa, ilhali katika yale ya kati ya hekta 1 na 100 ni takriban theluthi moja tu iliyofanikiwa, na zaidi ya hekta 1,000 matumaini yalikuwa haba. Kwa hiyo mnayemtafuta ni mtu atakayeona mashina kumi, wala si atakayeona uwanda mzima umegeuka rangi.

Hapo ndipo picha za kijitabu zinapowaponza wengi, kwa kuwa karibu zote huonyesha mmea uliokwisha kuchanua. Chukua gugu karoti, ambalo wataalamu huliita Parthenium hysterophorus. Likiwa changa halina shina la kuonekana. Majani yake yaliyochanika-chanika kama ya karoti hulala chini yakiwa yamejipanga duara, na mpita njia hulikanyaga bila kulitazama. Baadaye hurefuka, shina likawa na mifereji na vinyweleo, na juu yake vikatokea vichwa vidogo vyeupe vyenye pembe tano ambavyo upana wake hauzidi sana wa kichwa cha njiti ya kiberiti. Linaweza kuchanua wiki nne hadi sita tu baada ya kuota, na mmea mmoja uliostawi hutoa mbegu elfu kumi au zaidi. Anayelijua kwa maua tu huenda akafika mbegu zimekwisha kumwagika.

Kwa hiyo fundisheni kila mmea katika hatua zake zote, na kando ya kila mmoja wekeni ndugu zake wa asili wanaofanana nao. Njia ninayoiamini ni kutandaza mezani sampuli zilizokaushwa, za vamizi na za asili zikiwa zimechanganywa bila majina, kisha kila mwanafunzi azigawe mafungu mawili na kueleza kwa sauti alichokitazama. Makosa yatakayojirudia ndiyo yatakayokuwa somo la mchana, na somo hilo lifanyike nje, kwa miguu.

Wafundisheni pia mahali pa kutazama: langoni, maegesho ya magari, kingo za barabara, palipomwagwa kokoto au udongo wa kutoka nje, maeneo ya kambi, kingo za mito, na bustani za nyumba za watumishi. Bustani hizo zisidharauliwe. Katika Hifadhi ya Kruger nchini Afrika Kusini, dungusi kakati, mmea wenye miiba wa aina ya Opuntia stricta, ulipandwa kama pambo huko Skukuza, kambi kuu ya hifadhi hiyo, mwaka 1953. Nyani na tembo wakala matunda yake, wakatawanya mbegu, na hatimaye makumi ya maelfu ya hekta yakavamiwa.

Taarifa yenyewe iwe na picha ya mmea mzima, ya jani na ya ua kama lipo, pamoja na mahali, tarehe na idadi ya kukadiria. Aliyetembea njia nzima asione kitu naye aandike hivyo, kwa maana taarifa hiyo huwaambia wahifadhi kwamba sehemu hiyo imekaguliwa. Asing'oe mwenyewe kabla ya kuelekezwa: gugu karoti huwasha na kubabua ngozi za watu wengi, na kipande cha dungusi kilichoanguka chini huota upya. Viatu na pindo za suruali zisafishwe kabla ya kuondoka, maana mtafutaji naye huweza kuwa mbebaji.

Uliposema taarifa zilikuwa chache, nilijiuliza kama waliotangulia kuzileta walijibiwa. Mtu aliyetuma picha tatu na kukutana na kimya hatatuma ya nne. Mteueni mtu mmoja wa kuthibitisha kila picha ndani ya siku chache, na hata aliyekosea aelezwe kwa upole ni nini alichokiona na tofauti iko wapi.

SWALI: Je, programu za simu zinazotaja jina la mmea kwa picha hazitoshi, tukaachana na mafunzo?
Msomaji mwingine

JIBU: Hazitoshi. Programu kama iNaturalist, iliyoanza mwaka 2008, husaidia sana kuhifadhi picha pamoja na mahali ilipopigwa, na watumiaji wengine huweza kusahihisha jina lililopendekezwa. Lakini mche usio na ua huipa simu shida ileile unayompa binadamu, na simu haipigi picha ya mmea ambao mwenye nayo ameupita bila kuuona.