Chopin kwa mkono uliozoea tenzi

Hapa Tanga mpiga piano wa kujifurahisha mara nyingi ametokea kwaya. Kinanda amekijulia kanisani, sol-fa (noti za do, re, mi) anaisoma bila kukwama, na sauti nne za utenzi anazishusha kwa pigo moja. Huo ni mtaji mkubwa. Una kasoro moja tu, nayo hujitokeza pale anapofungua muziki wa karne ya 19: vidole vyote vinapiga kwa nguvu sawa. Kwenye utenzi haidhuru, kwa sababu waumini wanahitaji kodi nzima (noti kadhaa zinazolia pamoja) ya kuegemea. Kwa Chopin, mtunzi wa piano wa karne hiyo kutoka Poland, wimbo unazama.

Dawa nzuri ya tabia hiyo ni Preludi yake namba 4, kipande kifupi cha piano katika mkusanyo wake wa Opus 28, iliyochapishwa mwaka 1839. Ina vipimo 25 (vigao vya muziki kati ya mistari ya wima), inakaa kwenye ukurasa mmoja, na haina mbio za vidole. Mkono wa kulia unapiga noti moja moja. Wa kushoto unapiga kodi za noti tatu, nane kwa karibu kila kipimo. Nakala zake ni bure mtandaoni, maana haki za uandishi zilishakwisha zamani.

Kwa msomaji wa sol-fa, Doh ni G. Wimbo unaruka kutoka mi ya chini hadi mi ya juu, kisha vipimo vitatu vizima ni mi ndefu na fa fupi, basi. Anayetembea ni mkono wa kushoto: kodi zinashuka kidogo kidogo, mara nyingi noti moja ikisogea nusu hatua huku wenzake wakingoja. Kwa hiyo anza na kushoto peke yake. Badala ya kurudia kodi mara nane, ipige mara moja, ishikilie, kisha zungushia penseli noti iliyohama. Mwanakwaya atawatambua mara moja: huyu ni sauti ya pili ameshuka, tena amekaa, besi anafuata. Noti iliyohama ipe uzito zaidi kidogo kuliko wenzake. Fanya hivyo siku tatu nne kabla ya kuweka mkono wa kulia.

Ukishaunganisha mikono, shuku kidole gumba cha kushoto. Ndicho kizito, na ndicho kinachopiga noti ya juu ya kodi, ile iliyo karibu zaidi na wimbo. Kikigonga, wimbo hausikiki hata ukiukazania. Kwa hiyo usiongeze kulia, punguza kushoto. Acha vidole viguse funguo muda wote, uzisukume chini bila kuinua mkono.

Hapo chombo chenyewe kinaweza kukuangusha. Kwenye piano ya kusimama, ufunguo lazima upande karibu hadi juu ndipo nyundo iwe tayari kupiga tena, kwa hiyo ukirudia kwa woga baadhi ya noti hazitoki. Masika yakiingia hali huwa mbaya zaidi: vitambaa vya ndani vinafyonza unyevu, vinavimba, na funguo zinarudi kivivu. Usitie mafuta hata tone, yanaharibu vitambaa hivyo. Fundi ndiye wa kuzilegeza. Wewe iondoe piano kwenye dirisha linalotazama bahari na kwenye ukuta wa nje unaolowa mvua, na funga kifuniko kila ukimaliza.

Mwenye kinanda cha umeme ahakikishe kwanza kwamba mwitikio wa mguso umewashwa. Ukizimwa, kupiga kwa upole na kwa nguvu ni sauti ileile, na zoezi lote halina maana. Pia usikiwashe mguu ukiwa juu ya pedali: vinanda vingi husoma hali ya pedali wakati wa kuwaka, na itafanya kazi kinyume mpaka ukizime tena.

Pedali yenyewe ibadilishe kila kodi inapobadilika. Mguu unapanda mkono unaposhuka, kisha unashuka baada ya kodi kulia. Wengi huinua mapema, pakabaki pengo. Chumba cha sakafu ya saruji na paa la bati kinavuma, kwa hiyo humo ubonyeze nusu tu.

Sasa mwendo. Weka metronomu, kifaa cha kugonga mapigo, kwenye 50 kwa dakika, kodi mbili kwa kila pigo, na kipande kizima kitachukua kama dakika mbili. Usione haya kuitumia. Karol Mikuli, mwanafunzi wa Chopin, alisimulia kwamba metronomu haikukosekana kwenye piano ya mwalimu wake. Uhuru ni wa mkono wa kulia. Aliyekulia kwenye taarab ya Black Star na Lucky Star, vikundi vya hapa Tanga, analijua hilo: ngoma na besi hazimsubiri mtu, mwimbaji ndiye anayechelewa neno kisha akalifikia. Kosa la kawaida ni kupunguza mwendo kila mwisho wa kipimo, ukawa mwendo wa kuchechemea.

Kipimo cha 16 Chopin anaagiza kusonga mbele, na cha 17 ni kwa nguvu. Karibu kila anayejifunza hupunguza mwendo hapo, kwa kuwa ndipo pagumu. Pafanyie mazoezi peke yake kwa 40, na usiongeze mpaka kushoto kuache kusitasita.

Kipimo cha 23 kinaishia kwenye kimya kilichowekewa alama ya kusubiri. Mguu uwe umeondoka kabisa kwenye pedali. Mwangwi ukibaki si kimya tena. Hesabu moyoni mapigo manne, hata kama feni ndiyo pekee inayosikika. Kisha kodi tatu za mwisho, kwa upole kuliko zote. Ni kodi za utenzi kabisa, na preludi hii ilipigwa kwa ogani kwenye mazishi ya Chopin mwenyewe, Paris, mwaka 1849. Humo mkono wako wa kanisani unaruhusiwa kurudi: sauti zote sawa, vidole vishuke pamoja, na ya mwisho iachie mkono na mguu kwa wakati mmoja, polepole.