Siku Moja Wasini: Pomboo Asubuhi, Sinia Mchana

Anayetaka kwenda kisiwani Wasini, pwani ya kusini ya Kenya, kwa siku moja, aone pomboo na matumbawe ya Kisite kisha ale chakula cha Waswahili, kwa kawaida huanza kwa kuuliza bei ya mashua. Mimi ninaishi Ukunda, na kwa miaka mingi nimekuwa nikiwapangia jamaa na wageni safari hiyo. Kila anayenijia namwomba ajibu kwanza maswali mengine mawili: siku hiyo mwezi utakuwa umefikia tarehe ngapi, na chakula kitapikwa na nani. Hayo mawili yakishajulikana, saa ya kuondoka, aina ya chombo na hata idadi ya watu wa kuwachukua hujipanga bila taabu.

Wasini ni kisiwa chembamba chenye urefu wa kilomita tano hivi, mkabala wa Shimoni katika Kaunti ya Kwale, na wenyeji wake wa asili ni Wavumba. Hakuna magari. Kusini yake ndiko iliko Hifadhi ya Bahari ya Kisite, yenye kilomita za mraba 28 ambamo uvuvi umekatazwa kabisa, pamoja na eneo la Mpunguti, kilomita za mraba 11, ambako uvuvi wa kienyeji unaruhusiwa. Msimu ulio mzuri ni kuanzia Oktoba hadi Machi, bahari inapotulia na maji kuwa maangavu. Upepo wa kusi unapovuma kwa nguvu, hasa Juni na Julai, mlango wa bahari kati ya Shimoni na Wasini huweza kuonekana shwari, lakini ukishapita ncha ya kisiwa mawimbi hukupokea, na wazee na watoto huumwa na bahari kabla hawajaona chochote. Atakayekubali mawimbi hayo kati ya Julai na Septemba ana nafasi ya kuona nyangumi wanaopita kila mwaka.

Baada ya msimu, tazama mwezi. Siku za bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji ya pwani yetu hukauka mnamo saa nne au saa tano asubuhi na kujaa sana jioni. Ukifika Kisite wakati huo utakuta fungu la mchanga limejitokeza, na hata asiyejua kuogelea ataweza kushuka na kutembea penye maji ya magoti. Ubaya wa bamvua ni mkondo, kwa kuwa maji yanapoanza kurudi huvuta kwa nguvu, na anayejifunza kupumua kwa mrija huchoka upesi na kusukumwa mbali na chombo. Siku za maji mafu, karibu na tarehe 7 au 22 za mwezi wa Kiislamu, bahari haipandi wala haishuki sana, mkondo ni mpole, na asubuhi huwa na kina cha kutosha juu ya matumbawe. Kwa hiyo, nikiwa na wazee huchagua bamvua, na nikiwa na vijana wanaotaka kukaa majini muda mrefu huchagua maji mafu. Nahodha yeyote wa Shimoni atakueleza hayo kwa dakika mbili ukimuuliza kwa adabu, na jinsi anavyokujibu itakuonyesha kama anafaa kuaminiwa.

Ondokeni Shimoni mapema, saa mbili ikiwezekana, kwa sababu pomboo huonekana vizuri kabla vyombo havijawa vingi na upepo haujainuka. Mpatane na nahodha mkiwa bado nchi kavu kwamba hatawafukuza. Kundi la pomboo likizingirwa na mashua tatu au nne zenye injini zinazonguruma, hupiga mbizi na kuhama, na wanaonyonyesha ndio wanaoumia zaidi. Nahodha mwema hupunguza mwendo akiwa mbali, akaenda sambamba nao, kisha akaachia injini itulie. Mara nyingi pomboo wenyewe ndio husogea. Msiruke majini kuwafuata, hata kama mtu wa chombo cha jirani amefanya hivyo.

Kwenye matumbawe mtaona samaki kama pono wakitafuna mwamba, kangaja na taa waliojifukia mchangani, na mara kwa mara kasa anayepanda juu kuvuta pumzi. Mwaka 1998 joto la bahari liliua sehemu kubwa ya matumbawe ya pwani ya Kenya, na yaliyopo leo yana kazi ya kustahimili joto kabla ya kustahimili miguu yetu. Msisimame juu yake. Badala ya kujipaka mafuta mengi ya kukinga jua, vaeni fulana ya mikono mirefu, ambayo inakinga mgongo vizuri zaidi na haiachi kitu majini. Chupa za plastiki za kutumia mara moja zimepigwa marufuku katika hifadhi tangu Juni 2020, basi bebeni maji katika chupa za kudumu, tena mengi, kwa sababu Wasini haina mito wala visima vya kutegemewa na watu wake kwa muda mrefu wameishi kwa maji ya mvua yaliyohifadhiwa kwenye majabia.

Sasa chakula, ambacho wengi hukichukulia kama kituo cha kupumzika wakati ndicho nusu ya safari. Agizeni siku moja kabla, mkitaja idadi ya watu. Kaa wa mikokoni hutafutwa kwa kufuata maji, nazi zinataka kukunwa na kukamuliwa, na samaki wa kupaka anataka makaa yaliyotulia ili tui liive juu yake bila kuungua. Hakuna lolote kati ya hayo linaloweza kuharakishwa kwa sababu wageni wameshuka na njaa. Mkifika kati ya saa saba na saa nane, baada ya sala ya adhuhuri, mtaanza na kaa aliyepikwa kwa tangawizi, ambaye huvunjwa kwa kigongo cha mti, kisha wali wa nazi, samaki, mchuzi na ndimu. Ulizieni pia mwani, ambao kina mama wa pwani hii, hasa wa kijiji cha Kibuyuni, wanaulima baharini. Ombeni sinia badala ya sahani, mkae mkekani, mle kwa mkono wa kulia kila mtu upande wake. Mkikaribishwa na familia, mpeni mwenye nyumba nafasi ya kuwasimulia. Mengi ninayoyajua kuhusu uvuvi wa Wasini niliyasikia wakati sinia limeshaondolewa na kahawa chungu imeletwa na tende.

Ramadhani si wakati wa karamu ya mchana. Ahirisheni, au mwende baharini tu. Siku yoyote ile, vaeni leso au kanzu juu ya nguo za kuogelea kabla ya kuingia mjini, wala msimpige mtu picha bila idhini yake. Alasiri mpite kwenye bustani ya matumbawe ya kale, ambako njia ya mbao juu ya mikoko inasimamiwa na kikundi cha wanawake wa kisiwa na kiingilio kinabaki kwao. Mapango ya Shimoni yaacheni kwa safari nyingine. Mahali ambapo wenyeji wanakumbuka watu kufungiwa wakisubiri kuuzwa utumwani hapastahili kutembelewa kwa haraka kati ya mashua na gari.

Ada ya hifadhi hulipwa Shirika la Wanyamapori Kenya kupitia eCitizen, tovuti ya malipo ya serikali, hivyo maliza malipo hayo nyumbani. Hata hivyo beba pesa taslimu kidogo kwa mabaharia, na utenge fungu la wapishi peke yake ukawakabidhi wao wenyewe jikoni, kwa sababu likipitia kwa mwenye mashua huenda lisifike lote. Panga kuvuka kurudi Shimoni kabla ya saa kumi na moja, hasa kama una safari ya kwenda Mombasa na unategemea kivuko cha Likoni.