Maswali na majibu: Kabla ya kuchomwa nusukaputi

Swali: Mwanangu wa miaka minne atapasuliwa ngiri saa mbili asubuhi. Uji mwepesi si kama maji tu?

Jibu: Uji ni chakula, mama. Chai ya maziwa pia ni chakula. Swali hili haliishi, na jibu ni lile lile: chakula kikome masaa 6 kabla ya usingizi, maziwa ya mama masaa 4, maji matupu masaa 2. Kwa mwanao, chakula mwisho saa nane usiku, maji mwisho saa kumi na mbili alfajiri. Aliyelala kwa dawa koo lake halijilindi. Cha tumboni hupanda, kikaingia mapafuni na kuyaunguza. Bibi akimwonea huruma akampa andazi, mtuambie. Hakuna atakayegombezwa, tutaahirisha tu. Na kumnyima mtoto hata maji tangu jana jioni si usalama, ni mateso. Wodini waulizeni saa kamili.

Swali: Nifute piko kwa nini?

Jibu: Kifaa cha kidoleni hupima oksijeni kwa mwanga, na weusi wa piko huuziba. Acha walau kidole kimoja kitupu.

Swali: Dawa ipi ni salama zaidi, ketamini au ya kuvuta?

Jibu: Umeuliza dawa, ungeuliza mtu. Ketamini kwa kawaida humwacha mgonjwa apumue mwenyewe, lakini nayo huua pasipo mwangalizi. Ulizia nani atakaa kichwani pako mwanzo hadi mwisho. Mlio wa kile kifaa cha kidoleni hushuka sauti oksijeni inaposhuka; aliye karibu husikia na kuinua taya kabla damu haijageuka nyeusi. Orodha ya usalama wa upasuaji ya Shirika la Afya Duniani, iliyotoka 2008, inataka kifaa hicho kiwe kimefungwa na kinafanya kazi kabla hujachomwa usingizi. Kliniki ambayo anayekuchoma usingizi ndiye huyo huyo anayeshika kisu, kama si dharura, ondoka.

Swali: Sindano ya mgongo ya uzazi imeniachia maumivu ya mgongo miaka mitatu sasa.

Jibu: Inasingiziwa mno. Uchungu wa pale ilipochomwa huisha kwa siku chache. Ya miaka mitatu yana chanzo kingine, kapimwe. Kichwa kinachogonga ukikaa na kutulia ukilala, siku chache baada ya sindano, hicho ndicho cha kukurudisha hospitali haraka.

Swali: Mume wangu anakula mirungi. Aseme kabla ya nusukaputi?

Jibu: Aseme. Aseme na pombe, mitishamba, dawa za presha na meno ya bandia.