Kwa Anayeanza Kazi ya Ushirikishaji wa Umma: Usianze na Hema na Viti

Mkutano wangu wa kwanza wa kukusanya maoni ya bajeti niliuona umefana. Watu walipita mia mbili, hema zilikuwa mbili, maji ya chupa yalitosha, mzee wa mtaa alifungua kwa dua na hakuna aliyemrushia mwakilishi wadi maneno. Nilijaza kurasa kumi na moja za daftari. Kuelekea mwisho akasimama mama mmoja ambaye hakuomba mradi wowote. Aliuliza: "Mwaka jana nilisimama papa hapa nikaomba kisima chetu kisafishwe. Jibu langu liko wapi?" Nikamwambia nitalifuatilia. Sikujua nitalifuatilia wapi, maana jibu lenyewe halikuwahi kuandikwa na mtu.

Ilikuwa wiki ya pili ya Mei. Wala sikujua kwamba, hata ningejaza madaftari kumi, kisima kile kilikuwa kimeshachelewa kuingia kwenye bajeti ya mwaka ule.

Kwa hiyo wewe uliyeajiriwa kaunti juzi, au uliyeanza kujitolea kwenye shirika la kijamii, bandika kalenda ya bajeti ukutani kabla hujajifunza kushika kipaza sauti. Mwaka wa fedha wa Kenya huanza tarehe 1 Julai, ila maamuzi yake huanza mapema mno. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 inaitaka serikali ya kaunti iwasilishe Mpango wa Maendeleo wa Mwaka, wenye miradi inayokusudiwa, kwenye bunge la kaunti kufikia tarehe 1 Septemba, miezi kumi kabla. Kufikia 28 Februari inakuja Taarifa ya Mkakati wa Fedha, na hapo ndipo kila idara inapowekewa kikomo: afya kiasi hiki, maji kiasi hiki, barabara kiasi hiki. Makadirio yenyewe yanatakiwa bungeni kufikia 30 Aprili. Sasa soma kanuni za sheria hiyo zilizotolewa 2015: bunge la kaunti likiyabadilisha makadirio, haliwezi kuongeza wala kupunguza fungu la idara kwa zaidi ya asilimia 1 ya kikomo chake. Piga hesabu. Idara ya maji yenye kikomo cha shilingi milioni 300 ina milioni 3 za kusogeza, na wadi zote zinazikodolea macho.

Mwezi wa Mei wananchi huitwa kwa mamia, na sufuria limeshateremshwa jikoni. Agosti na Januari, moto ukiwa bado unawaka, utakuta chumba kina maafisa wanane na mwakilishi mmoja wa wafanyabiashara anayejua anachokitafuta. Huyo mmoja ndiye anayeondoka na kitu. Ukiwa na pesa za mikutano miwili tu kwa mwaka, na mara nyingi ndizo utakazokuwa nazo, ombi langu ni moja: ifanye Agosti na mwanzoni mwa Februari, hata kama bosi wako anautaka ule mkubwa wa Mei wenye kamera.

Mpangilio wa hatua una uzito kuliko wingi wa mikutano, na kesi ya Lamu inalionyesha hili vizuri. Kampuni ya Amu Power ilipanga kujenga kituo cha umeme wa makaa ya mawe cha megawati 1,050 huko Kwasasi, na mwaka 2016 mamlaka ya mazingira ikaipa leseni. Watu wa Lamu hawakunyimwa mikutano. Waliitwa, wakakaa, wakaelezwa. Lakini mikutano hiyo ilifanyika kabla ya utafiti wa athari za mazingira kukamilika. Ripoti ilipotoka, yenye habari za moshi, majivu, maji ya moto yatakayorudishwa baharini na riziki ya wavuvi, hawakurudiwa ipasavyo ili waseme juu ya kile kilichoandikwa. Tarehe 26 Juni 2019 Mahakama ya Kitaifa ya Mazingira ikaifuta leseni, na kasoro hiyo ya ushirikishaji ikiwa miongoni mwa sababu kuu. Mradi wa mabilioni ulikwama kwa sababu mkutano ulitangulia karatasi. Nikiwafundisha wanaojifunza kazi, huwaambia waangalie kwanza: mtu anayekuja kuongea ameisoma nini, na ameipata lini? Kama jibu ni "atapewa mlangoni", ahirisha mkutano. Kurasa 200 za Kiingereza cha wahasibu ukimpa mtu saa tatu asubuhi, saa nne hana maoni, ana njaa tu. Andika kurasa mbili za Kiswahili, na za lugha ya pale inapobidi, zenye shilingi za wadi yake. Wadi yake, si za kaunti nzima.

Kuhusu matangazo sitakaa sana, kwani Mahakama Kuu ilishayasema. Mwaka 2014 Jaji George Odunga aliibatilisha Sheria ya Fedha ya Kaunti ya Kiambu ya 2013, yaani ile ya kodi na ada, kwa ushirikishaji usiotosha, na akataja njia ambazo bunge la kaunti lingeweza kuzitumia kuwafikia watu: makanisa, misikiti, mahekalu, mabaraza, redio za taifa na za lugha za mama. Tangazo moja gazetini halikutosha. Mimi naongezea stendi ya bodaboda, mikutano ya vyama vya akina mama na kundi la WhatsApp la wazazi wa shule. Na kabla hujapanga tarehe, muulize mtu wa pale. Kwenye kijiji cha pwani, siku za bamvua maji yakikupwa sana, wanaochokoa pweza wako mwambani, hutawaona kwenye hema lako hata uwaite mara saba. Bara usigongane na siku ya mnada. Haya hayamo kwenye mwongozo wowote niliowahi kupewa.

Utakutana pia na wale ninaowaita wajumbe wa kudumu. Kila mkutano wapo, mstari wa mbele, wanajua jina la kila afisa na kiwango cha nauli kinachotolewa. Usiwadharau, baadhi yao wanajua bajeti kukushinda. Ila hesabu nani hajaongea. Nilijifunza kuwagawa watu kwenye vikundi vya kumi kumi na kumwomba kila mmoja aseme kabla kikundi hakijapiga kura, na orodha iliyotoka huko ilikuwa tofauti kabisa na ile ya kipaza sauti. Kwenye kipaza sauti watu waliomba ukumbi wa kijamii. Kwenye vikundi waliomba muuguzi wa zamu ya usiku kwenye zahanati iliyokuwapo tayari.

Wengi wanaoanza wana hofu kwamba kukataa maoni ya mwananchi ni kuvunja Katiba. Sivyo. Mwaka 2019 Mahakama ya Juu iliamua kesi ya kampuni ya sigara ya BAT, iliyolalamika kuwa haikushirikishwa vya kutosha katika kanuni za tumbaku za 2014. Kampuni ilishindwa. Mahakama iliona imepewa nafasi ya kweli, na kusikilizwa si sawa na kukubaliwa. Ila ilisema pia kwamba ushirikishaji uwe wa kweli, usiwe pambo la kutimiza wajibu. Sehemu hiyo ya pili maafisa wetu huipita haraka.

Basi utajuaje kama ni pambo? Mimi huangalia jedwali la mwisho. Ripoti nyingi zina safu tatu: maoni, mtoa maoni, wadi. Ongeza mbili: uamuzi, na sababu ya uamuzi. Safu ya sababu ndiyo utakayopigania. Mwanasheria atakuambia haihitajiki, na ana pa kusimamia: Julai 2024 Mahakama ya Rufaa iliibatilisha Sheria ya Fedha ya 2023, ikilikosoa Bunge pia kwa kutotoa sababu za kuyakubali au kuyakataa maoni ya wananchi. Oktoba mwaka huo Mahakama ya Juu ikautengua uamuzi huo, ikasema hakuna sharti la wazi la kuandika sababu. Sawa. Lakini kati ya hukumu hizo mbili na siku za Juni 2024 zilizotangulia kuna somo lisiloandikwa na jaji. Mswada wa Fedha wa 2024 ulipitia hatua zake zote, kamati ikaketi, mashirika na watu binafsi wakapeleka maandishi. Mapendekezo kama kodi ya mkate yaliondolewa, kwa hiyo huwezi kusema hakuna kilichosikika. Hata hivyo tarehe 25 Juni vijana walioupinga waliingia Bungeni, watu wakafa, na kesho yake Rais William Ruto akakataa kuutia saini mswada uliokuwa umeshapita. Wengi niliozungumza nao hawakujua maoni yao yalifika kwa nani wala yaliangukia wapi.

Ukipata nafasi, nenda Makueni ukaone. Wakati wa Gavana Kivutha Kibwana kaunti ile ilijenga kamati za maendeleo kuanzia vijijini, ambavyo ni zaidi ya 3,000, zikipanda hadi wadi 30 na kaunti nzima. Kilichonivutia ni kamati za kusimamia miradi: mkandarasi halipwi mpaka wanakijiji waliochaguliwa wamekagua na kutia saini. Mtu mwenye saini hahitaji kupayuka mkutanoni.

Yule mama nilimrudia mwaka wa pili, Agosti, nikiwa na karatasi yenye zile safu tano. Mbele ya kisima chake palikuwa na neno "hapana", na sababu: vipimo vya idara vinaonyesha chumvi nyingi. Mjukuu wake akamsomea. Akanyamaza kidogo, kisha akacheka. Kisima kilichopimwa, alisema, ni kile cha nyuma ya shule, ambacho kila mtu kijijini anajua ni cha chumvi na hakuna anayekinywa. Chake kiko ng'ambo ya mkorosho. Fundi wa maji alibisha, tukatembea wote hadi pale, akachota, akaonja. Wiki iliyofuata kikaingia kwenye Mpango wa Septemba. Pesa, kama kawaida yake, zilichelewa hadi mwaka mwingine.