Kuimudu pumzi kunahusiana nini na mapafu?

SWALI: Shikamoo dokta. Baba yangu ana miaka 63, aliugua TB mara 2, dozi zote kamaliza na makohozi yalishapimwa yako safi, ila mapafu yamebaki na makovu. Akioga tu au akipanda kamlima ka hapo nyumbani anahema mpaka tunaogopa. Oksimita inasoma 94, 95, hata muda huo analalamika. Sasa mtu wa fizio kampa fomu inauliza ni mara ngapi anajiona anaimudu pumzi yake, mi nikaona kama wanamwambia tatizo liko kichwani. Ni kweli?

JIBU: Marahaba. Hapana, hakuna anayesema mzee anajitungia. Hiyo fomu kwa maelezo yako inafanana sana na dodoso la CRQ, yani fomu ya maswali ya wagonjwa wa mapafu, lililotoka Kanada mwaka 1987, lina vipengele 4: kuishiwa pumzi, uchovu, hisia, na hicho cha kuimudu hali. Wamekitenga makusudi, maana watu 2 wanaweza kupuliza spirometri (kile kipimo cha kupuliza kinachoonyesha hewa inatoka kiasi gani na kwa kasi gani) wakatoa namba zilezile kabisa, mmoja anaenda sokoni na mwingine hatoki kitandani.

Oksimita inapima oksijeni kwenye damu basi, haipimi kazi anayofanya baba kuipata hiyo oksijeni. Ubongo unaagiza misuli ivute hewa, halafu unaangalia hewa iliyoingia inalingana na nguvu iliyotumika au la, na kwa mapafu yenye makovu hailingani, ndo anakuambia nabanwa huku kamashine kanasema 95. Juu ya hapo ubongo unakumbuka ya juzi. Akiliona tu lile beseni, kabla hata hajajimwagia maji, hofu ishaanza na pumzi ishaongezeka kasi.

Hapo sasa ndo kwenye jibu lako. Mtu akihema haraka haraka muda wa kutoa hewa unakuwa mfupi, na kama njia za hewa zimebana, kitu cha kawaida tu baada ya TB, hewa ya zamani inabaki ndani, kifua kinajaa, pumzi inayofuata inakosa pa kuingia, anazidi kuogopa, anahema zaidi. Yani hofu imeanzia kichwani sawa, ila kinachotokea kifuani ni cha kweli kabisa. Mtu anayejua "hii itapita, na najua cha kufanya" anaikata hiyo duara mapema, mapafu ni yaleyale lakini shambulio linakuwa fupi.

London mwaka 2014 walichapisha utafiti wa wagonjwa 105 wenye pumzi ya shida kutokana na magonjwa makubwa, waliopewa huduma maalum ya kufundishwa kuikabili walipata alama za juu kwenye hichohicho kipengele cha kuimudu kuliko waliokuwa bado wanaisubiri hiyo huduma. Na hapo jirani, hospitali ya Mulago, Kampala, waliwafanyisha mazoezi wiki 6 watu waliobaki na mapafu mabovu baada ya TB, wakaweza kutembea umbali mrefu zaidi kuliko walivyoanza (hiyo ilitoka 2017).

Sasa angalizo, maana hapa wengi wanapotea. Kuimudu sio kuizuia pumzi kwa nguvu, na sio kukaa kwenye kochi siku nzima ili isije. Wazee wengi wanachagua hilo la kochi, wanajiona wameweza, kumbe miguu inalegea, na misuli iliyolegea inachoka mapema na kudai hewa nyingi zaidi kwa kazi ileile.

Anzeni na kuoga. Muangalie vizuri, utakuta anainama kwenye ndoo chini, ananyanyua mikono yote kichwani na pumzi kaibana. Mpe stuli akae, ndoo iwekwe juu ya kitu, aoshe sehemu moja apumzike kabla hajabanwa sio baada. Pumzi ikimkata, viwiko juu ya mapaja, mabega yalegee, avute kwa pua kisha atoe taratibu kwa midomo iliyobanwa kama anapuliza uji wa moto, kutoa kuwe kurefu kuliko kuvuta. Kipepeo cha ukili au kafeni ka kuchaji, upepo uelekee puani na mashavuni, neva za uso zinaambia ubongo hewa ipo na kile kiu cha hewa kinapungua. Afanye mazoezi haya akiwa mzima, ukisubiri siku ya kubanwa hawezi kujifunza kitu.

Fomu ajaze kwa ukweli, akishafanya mazoezi ajaze tena, kwenye ile skeli ya 1 mpaka 7 hata nusu alama ikipanda ni mabadiliko mtu anayahisi mwenyewe.

Kama hajapuliza spirometri apulizishwe, coz njia zikiwa zimebana inhela (dawa ya kuvuta kwa mdomo) inaweza kumsaidia, na wacheki moyo na wingi wa damu. Ila akianza kubanwa akiwa amekaa tu, midomo ikabadilika rangi, miguu ikavimba, akakohoa damu au homa na kupungua uzito vikarudi, hapo achaneni na kipepeo, hospitali siku hiyohiyo na TB ipimwe upya.